Kuwauliza wakazi wa Mtwara na Lindi kuhusu intaneti ya kasi: njia ipi ichaguliwe?

Halmashauri, asasi za kiraia, vyama vya ushirika na hata kampuni zinazofikiria kutandaza mkongo hadi majumbani hufika mahali ambapo lazima zijue jambo moja kabla ya kutumia fedha: wakazi wa eneo husika wanapata intaneti ya namna gani, kwa gharama gani, na ni akina nani wasioipata kabisa. Takwimu ambazo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) huzitoa kila robo mwaka zinaonyesha idadi ya laini zinazotumia intaneti, lakini mtu mwenye laini tatu huhesabiwa mara tatu, na kaya nzima inayotegemea simu moja huhesabiwa mara moja. Ramani za minara nazo zinaonyesha mahali ambapo mawimbi yanatarajiwa kufika. Hazisemi kama mzazi anayeishi bondeni chini ya nyanda za Rondo anaweza kumsaidia mwanawe kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu bila kupanda gari kwenda mjini.

Tatizo hili si la nchi maskini peke yake. Nchini Marekani, Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo (FCC) kwa miaka mingi ilihesabu kitalu kizima cha sensa, yaani eneo dogo linalotumika kuhesabia watu, kuwa kimefikiwa na huduma hata kama ni nyumba moja tu ndani yake iliyoweza kuunganishwa, na ilihitajika sheria iliyopitishwa mwaka 2020 ili ramani zichorwe kwa kila jengo na wananchi wapewe haki ya kuzipinga. Ushuhuda wa mkazi, kwa hiyo, ni kipimo ambacho mtoa huduma hawezi kukitoa kwa niaba yake. Ugumu uko katika namna ya kuuchukua ushuhuda huo, kwa sababu kila njia ya kuuliza ina watu inaowaacha nje, na katika suala la intaneti wanaoachwa nje mara nyingi ndio hasa tunaowatafuta.

Fomu ya mtandaoni na ziara ya nyumba kwa nyumba

Njia mbili hizi zinastahili kuwekwa bega kwa bega kwanza, kwa kuwa ndizo zinazovutana zaidi kila bajeti inapojadiliwa. Fomu ya mtandaoni haina gharama kubwa. Kiungo chake kinasambazwa katika makundi ya WhatsApp ya walimu, ya wafanyabiashara, ya vyuo na ya misikiti na makanisa, na ndani ya muda mfupi majibu yanaanza kuingia yakiwa yamepangwa tayari katika jedwali, bila mtu wa kuyanakili. Ziara ya nyumba kwa nyumba inataka mafuta ya pikipiki, posho, mafunzo ya wadadisi, vibali na wiki kadhaa za kazi. Anayetazama gharama peke yake atachagua fomu kila mara.

Hata hivyo, fomu inajibiwa na mwenye intaneti. Mkazi wa Shangani au Ligula mjini Mtwara, mtumishi wa Lindi mjini na mwanafunzi wa Masasi watajibu kwa urahisi. Mkulima wa kitongoji cha ndani wilayani Liwale mwenye kiswaswadu hatajua kwamba ameulizwa. Wingi wa majibu hauliondoi tatizo hilo, kwani majibu elfu kumi ya waliounganishwa hayamwelezi hata mtu mmoja asiyeunganishwa, na hatari iliyopo ni kwamba idadi kubwa huifanya ripoti ionekane nzito machoni pa mkurugenzi au mfadhili. Kuna pia kundi la katikati ambalo husahaulika: wenye intaneti dhaifu au bando dogo, ambao huanza kujaza fomu, wakaona ukurasa unazunguka bila kufunguka, wakaiacha. Hao nao hupotea, na matokeo yanazidi kuegemea upande wa wenye huduma nzuri. Zaidi ya hayo, kiungo kinachosambazwa hakijui mpaka wa mkoa, na mzaliwa wa Newala anayeishi Dar es Salaam anaweza kujibu kwa moyo wa uzalendo kuhusu nyumba asiyolala.

Nisingependa kuonekana ninaitupa fomu ya mtandaoni. Pale ambapo swali linawahusu wanaotumia tayari, kwa mfano bei ya vifurushi, kukatika kwa huduma, kasi ya jioni au uhitaji wa intaneti ya waya katika maduka, hoteli, shule na ofisi za mji, fomu inafaa na sioni sababu ya kutumia fedha zaidi. Sharti ni moja: ripoti itamke waziwazi kwamba inawazungumzia watumiaji, isiwazungumzie wakazi.

Ziara ya nyumba kwa nyumba ndiyo njia pekee, kati ya zote ninazozilinganisha hapa, inayompa kila mkazi nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, awe na simu au asiwe nayo. Mpango wake wa kawaida ni kuchagua kwa nasibu maeneo ya kuhesabia watu yaliyotumika katika sensa, kwa utaratibu wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kisha kuorodhesha kaya za kila eneo na kuchagua chache kwa nasibu tena. Vifaa si kikwazo kikubwa kama zamani. Programu za kukusanyia majibu kama KoboToolbox na ODK hufanya kazi bila mtandao, zikihifadhi majibu ndani ya simu au kishikwambi na kuyatuma baadaye mdadisi anapofika penye mawimbi. Na tangu Sensa ya Agosti 2022, ambayo makarani wake walitumia vishikwambi, mgeni anayeandika majibu kwenye kioo si jambo la kushangaza tena kijijini.

Udhaifu wa njia hii uko mahali pengine. Wa kwanza ni kwamba mdadisi aliyechoka humhoji yeyote anayemkuta, na kwa kawaida mkuu wa kaya hujibu kwa niaba ya wote. Baba mwenye simu janja atasema nyumba ina intaneti, ilhali simu hiyo huondoka naye asubuhi na kurudi naye usiku, na mkewe na mabinti zake hawaigusi. Dawa yake ni kuorodhesha watu wazima wote wa kaya, kuchagua mmoja kwa nasibu, na kurudi kumtafuta kama hayupo, jambo linaloongeza siku lakini ambalo haliwezi kupunguzwa bila kuharibu matokeo yote. Wa pili ni hofu. Anayebisha hodi na kuuliza una simu gani, unatumia kiasi gani kwa mwezi na fedha unapokea kwa njia ipi, huonekana kama mtu wa kodi au tapeli. Ndiyo maana barua ya utambulisho inapaswa kushuka ngazi kwa ngazi, kutoka kwa Katibu Tawala wa Mkoa hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, na hatimaye mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ndiye atakayemwambia mwenye nyumba kwamba wageni hawa wanajulikana. Wa tatu ni lugha: Kiswahili kinatosha karibu kila mahali, lakini bibi wa Tandahimba au Ruangwa anaweza kueleza shida yake kwa ukamilifu zaidi kwa Kimakonde au Kimwera, na mdadisi mwenyeji wa wilaya ana thamani kuliko mwenye shahada aliyetoka mbali.

Idadi ya kaya inayohitajika pia huwatisha watu bila sababu. Kama watu wangechaguliwa kwa nasibu kamili, majibu 385 yangetosha kukadiria asilimia yoyote kwa kosa lisilozidi pointi tano juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Kwa kuwa tunachagua vitongoji kwanza kisha kaya ndani yake, na majirani hufanana kwa sababu wanategemea mnara mmoja, inashauriwa kuongeza takriban mara mbili, yaani kaya 770 hivi. Ni vyema zaidi kaya hizo zitawanyike katika vitongoji vingi, kumi au kumi na mbili kila kimoja, kuliko kurundika mamia ya kaya katika vijiji vichache vilivyo kandokando ya lami. Idadi hiyo inatoa jibu la eneo zima; anayetaka kulinganisha halmashauri moja na nyingine kwa usahihi uleule lazima akusanye idadi kama hiyo katika kila moja.

Simu ya sauti, ujumbe mfupi na menyu ya nyota

Kati ya fomu na ziara kuna simu, na wengi huiona kama suluhu kwa kuwa wenye simu ni wengi kuliko wenye intaneti. Ni kweli kwa sehemu. Menyu inayofunguliwa kwa nyota na reli, ile ambayo watu wote wameizoea kwa kutuma na kupokea fedha, hufanya kazi kwenye kiswaswadu na haihitaji bando. Ujumbe mfupi nao hufika penye mawimbi hafifu. Lakini ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160, na menyu hukatika ikichelewa kujibiwa, kwa hiyo maswali hayawezi kuzidi machache, na asiyesoma vizuri hubonyeza namba yoyote ili amalize. Kwa maswali matatu au manne ya ndiyo na hapana njia hii inafaa. Kwa kueleza kwa nini mtu aliacha kununua vifurushi haifai.

Simu ya sauti ni bora zaidi, kwa sababu mhoji anaweza kufafanua swali na kusikia kusita kwa anayejibu. Inaokoa nauli, na mhoji mmoja aliyeketi Mtwara mjini anaweza kuzungumza na mtu wa Kilwa Kivinje na wa Mangaka siku hiyohiyo. Tatizo lake ni orodha ya namba. Orodha ya chama cha msingi ina wakulima wa korosho na mara nyingi ina jina la mwanamume hata pale shamba linapolimwa na mke. Orodha ya shule ina wazazi peke yao. Namba zilizobuniwa na kompyuta humfikia mwenye laini nyingi mara nyingi zaidi kuliko mwenye laini moja. Kisha kuna vitongoji ambavyo mtu hupatikana pale tu anapopanda kilima au kusimama chini ya mti unaofahamika kuwa na mtandao, na simu yake itaita saa ambayo hayupo hapo. Uchunguzi wa upatikanaji wa mawasiliano unaofanywa kwa njia ya mawasiliano unabeba kasoro ileile ya fomu, ingawa kwa kiwango kidogo.

Ninavyoona, simu ina kazi yake sahihi baada ya ziara. Aliyehojiwa nyumbani na akaridhia kutoa namba yake anaweza kupigiwa miezi mitatu baadaye kuulizwa kama hali imebadilika, kwa gharama ndogo sana. Hapo ni lazima kukumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023: anayekusanya majina na namba za watu anapaswa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kueleza kusudi lake na kutotumia taarifa hizo kwa jambo jingine. Kikundi cha vijana kinachoanzisha biashara ya wai-fai hakiruhusiwi kugeuza orodha ya wahojiwa kuwa orodha ya wateja.

Mkutano wa kijiji na vikundi vidogo

Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, unaonekana kuwa njia ya haraka: watu wamekusanyika, mwenyekiti yupo, mikono inyooshwe, ihesabiwe. Siushauri kwa kuhesabu chochote. Wanaohudhuria si mfano wa kijiji, wanaozungumza ni wachache kati yao, na mara tu neno mnara linapotajwa watu huamini kwamba mnara unakuja na kila mmoja huonyesha uhitaji mkubwa kadiri awezavyo, jambo ambalo ni haki yao kabisa lakini halipimiki. Mkutano unafaa kwa kutambulisha kazi kabla haijaanza na kurejesha matokeo baada ya kumalizika, na kwa hayo mawili hauna mbadala.

Vikundi vidogo vya watu sita hadi kumi, wanawake peke yao, vijana peke yao, wavuvi peke yao, hutoa kitu ambacho dodoso haliwezi kutoa, yaani sababu. Humo ndimo inapoelezwa kwamba kaya haikosi intaneti kwa sababu ya mnara bali kwa sababu simu huchajiwa dukani kwa kulipia, au kwamba bando hununuliwa msimu wa mauzo ya korosho na kuachwa miezi ya njaa. Vikundi vitangulie kuandikwa kwa dodoso ili maswali yatokane na maisha ya watu, na visitumike kutoa asilimia.

Kuuliza na kupima

Mkazi anajua kama intaneti inamtosha. Hajui kasi yake kwa megabiti kwa sekunde, na hana haja ya kuijua. FCC yenyewe imebadilisha kipimo chake, kutoka megabiti 25 za kupakua na 3 za kupakia zilizowekwa mwaka 2015 hadi 100 na 20 mwaka 2024, hivyo namba peke yake haielezi utoshelevu wa milele. Dodoso liulize kazi: wiki iliyopita uliweza kupiga simu ya video bila kukatika, kufungua matokeo ya mtihani, kutuma picha, kusikiliza somo? Na lisiulize kwa jumla kama mtu ana intaneti. Watafiti wa LIRNEasia, taasisi ya utafiti wa sera za mawasiliano barani Asia, waliwahi kukuta nchini Indonesia watu waliosema hawatumii intaneti lakini wakaeleza muda wanaoutumia Facebook. Mkulima wetu anayetumiana sauti za WhatsApp kila jioni anaweza kujibu vivyo hivyo kwa nia njema kabisa.

Pamoja na maswali, mdadisi apime. Apime kwa simu yake mwenyewe, kwa laini za mitandao yote inayopatikana eneo hilo, kwa sababu kipimo kimoja cha kasi kinaweza kula makumi ya megabaiti na si haki kumalizia mhojiwa bando lake. Apime mchana na arudie kati ya saa moja na saa nne usiku, wakati watumiaji wanapokuwa wengi. Katika vijiji vya kando ya Mto Ruvuma aandike jina la mtandao ulionaswa, maana simu inaweza kuonyesha mawimbi mazuri yanayotoka ng'ambo, Msumbiji, ambayo kwa mkazi ni huduma ya nje yenye gharama nyingine. Kupima bila kuuliza hakuonyeshi bei wala uwezo wa kulipa. Kuuliza bila kupima humwachia mtoa huduma nafasi ya kusema kwamba wananchi wanalalamika tu. Kama kuna mahali pa kutochagua moja na kuacha nyingine, ni hapa.

Mahali, msimu na mfuko

Mikoa hii miwili haifanani. Mtwara ina watu takriban milioni 1.6 kwa mujibu wa Sensa ya 2022 katika eneo la kilomita za mraba 16,700 hivi. Lindi ina watu takriban milioni 1.2 katika eneo linalozidi kilomita za mraba 66,000, na Liwale peke yake inachukua karibu nusu ya eneo hilo. Katika Manispaa ya Mtwara Mikindani, ambako nyumba zimekaribiana, ziara ya nyumba kwa nyumba haigharimu sana na inaweza kuunganishwa na fomu ya mtandaoni kwa ajili ya biashara. Katika nyanda za Makonde, kuanzia Newala hadi Tandahimba, vijiji ni vingi na vya karibukaribu, hivyo ziara inawezekana kwa pikipiki, ila tofauti ya mawimbi kati ya juu ya mwinuko na mabonde inadai vitongoji vya pande zote mbili viwemo. Liwale na kisiwa cha Songo Songo vinahitaji bajeti ya peke yake, ya safari ndefu au ya boti. Mwenye fedha chache ana kishawishi cha kuviacha vivi hivi. Ni afadhali apunguze maswali kutoka arobaini hadi kumi na tano kuliko kufuta maeneo haya kwenye orodha, kwani asiyefikika kwa barabara mara nyingi hafikiki kwa mtandao pia.

Kuhusu msimu, ninapendekeza Julai hadi Septemba. Mvua zimekwisha, njia zinapitika, na mauzo makubwa ya korosho bado hayajaanza. Kuanzia Oktoba watu wako mashambani, maghalani na kwenye minada, na mikono ina fedha, kwa hiyo swali la matumizi ya vifurushi litapata jibu la msimu wa neema peke yake. Mei 2024 inatosha kuwa onyo kwa anayepanga tarehe bila kutazama mazingira: mwanzoni mwa mwezi ule Kimbunga Hidaya kilipiga pwani na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika eneo la Somanga wilayani Kilwa, na siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za EASSy na SEACOM, zinazopitisha intaneti chini ya bahari, zilikatika na intaneti ikadorora nchi nzima. Majibu yaliyokusanywa wiki zile yangekuwa ya kweli na yangepotosha.

Kwa halmashauri inayojiandaa kuomba minara, basi, mchanganyiko ninaoupendekeza ni vikundi vidogo kwanza, ziara ya kaya zilizochaguliwa kwa nasibu pamoja na vipimo vya kasi, kisha simu za ufuatiliaji kwa waliokubali. Majibu yaandikwe tangu mwanzo kwa kijiji na kata, na orodha ya vitongoji visivyo na huduma isomwe kwenye mkutano wa kijiji ili wenyeji waisahihishe kabla haijatumwa. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), unaotoa ruzuku kwa kampuni za simu kujenga minara vijijini, hupanga miradi yake kwa kata, na ripoti inayotoa asilimia ya mkoa mzima bila kutaja kata haitaweza kutumika mezani pake.